Darkthrone wa Kolbotn: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya msikilizaji aliyelisikia jina la Darkthrone kwa rafiki au mtandaoni, akafungua wimbo mmoja, kisha akabaki anajiuliza: kelele hii watu wanaipendea nini? Mimi naipenda. Nimejaribu kueleza kwa nini, na kueleza vilevile yale yasiyopendeza, kwa sababu yapo.

Darkthrone ni akina nani?

Ni bendi ya watu wawili kutoka Kolbotn, mji mdogo ulio kusini mwa Oslo, Norwei. Fenriz, ambaye jina lake halisi ni Gylve Nagell, alizaliwa 1971. Ndiye mpiga dramu na msemaji wa bendi. Nocturno Culto, yaani Ted Skjellum, alizaliwa 1972. Yeye ni mpiga gitaa, na ile sauti ya kukwaruza inayosikika karibu katika kila albamu ni yake. Wamebaki wawili tangu 1993. Wametoa albamu zaidi ya 20, na ziara za muziki hawafanyi.

Bleki metali ni muziki gani?

Ni tawi la hevi metali, yaani roki nzito ya gitaa za umeme. Jina lilitokana na bendi ya Venom ya Uingereza, iliyotoa albamu iitwayo Black Metal mwaka 1982. Waliochonga sauti yenyewe ni Bathory wa Uswidi, na Hellhammer wa Uswisi ambao baadaye wakawa Celtic Frost. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Norwei wakaichukua sauti hiyo na kuifanya yao. Dramu hukimbia, nyuzi za gitaa hukwanguliwa kwa kasi bila kupumzika, mwimbaji hupiga ukelele badala ya kuimba, na mashairi huzungumzia kifo, usiku, baridi kali na uasi dhidi ya Ukristo. Mara ya kwanza utasikia vurugu tupu. Ukiizoea, utagundua kwamba chini ya vurugu kuna melodia, na mara nyingi ni melodia ya huzuni kubwa.

Bendi ilianzaje?

Ilianza 1986 kwa jina la Black Death, ikiwa na wavulana waliokuwa bado shuleni, ambao vyombo vyenyewe walikuwa ndio kwanza wanajifunza kuvishika. Mwishoni mwa 1987 jina likabadilika kuwa Darkthrone. Nocturno Culto aliingia 1988. Wengine katika kikosi hicho walikuwa Zephyrous kwenye gitaa na Dag Nilsen kwenye besi. Kati ya 1988 na 1989 walitoa demo (rekodi za majaribio) nne: Land of Frost, A New Dimension, Thulcandra na Cromlech.

Siku hizo hakukuwa na intaneti ya kupakia wimbo. Muziki huu ulisafiri chini kwa chini: unarekodi kaseti, unaitia kwenye bahasha pamoja na vikaratasi vya kutangaza bendi za wenzako, unaipeleka posta, kisha unasubiri wiki kadhaa mtu wa Brazili au Poland akurudishie ya kwake. Majarida yalitengenezwa nyumbani na kurudufiwa kwa mashine za ofisini. Kwa njia hiyo kijana wa Kolbotn aliweza kujua kinachopigwa Belo Horizonte, Brazili, kabla jirani yake hajajua yeye mwenyewe anapiga nini. Cromlech ndiyo iliyowafikia Peaceville, lebo ndogo (kampuni ya kutoa rekodi) ya Uingereza, nayo ikawapa mkataba wa albamu nne.

Ni kweli kwamba mwanzoni walipiga dethi metali?

Ni kweli, na hapa ndipo historia yao inapopata ladha. Dethi metali ni tawi jingine la hevi metali, lenye gitaa zito na mwimbaji anayenguruma.

Albamu ya kwanza, Soulside Journey, ilirekodiwa Stockholm katika studio ya Sunlight, chini ya Tomas Skogsberg. Kipindi kile hiyo ndiyo iliyokuwa studio ya kukimbiliwa. Entombed, bendi ya dethi metali ya Uswidi, walikuwa wamerekodi humo, na gitaa lao zito lililojaa vumbi lilikuwa likiigwa na kila mtu. Albamu ikatoka mwanzoni mwa 1991. Ni kazi safi ya mafundi wanaojua wanachofanya, na kama wangeendelea hivyo huenda wangepata nafasi nzuri katika soko la dethi metali lililokuwa linapanda kila mwezi.

Hawakuendelea. Walikuwa wamekwisha kutunga sehemu kubwa ya albamu ya pili ya aina hiyohiyo, na mazoezi yake yamehifadhiwa kwenye rekodi iliyotolewa miaka mitano baadaye, 1996, kwa jina la Goatlord. Lakini masikio yao yalikuwa yamerudi kwa Bathory na Celtic Frost. Dethi metali ikaanza kuwachosha: bendi zilikuwa zimezidi kufanana, kila mmoja akishindana na mwenzake kwa ufundi na usafi wa sauti. Basi wakaipa kisogo katikati ya safari. Dag Nilsen hakukubaliana na uamuzi huo na akaondoka, ila kwa uungwana alikubali kupiga besi kwenye rekodi iliyofuata.

Rekodi hiyo ni A Blaze in the Northern Sky. Ilirekodiwa Agosti 1991 pale pale Kolbotn, katika studio iitwayo Creative. Peaceville walikuwa wanasubiri Soulside Journey ya pili. Walicholetewa kilikuwa na gitaa jembamba, sauti chafu, na wimbo wa kwanza unaozidi dakika kumi. Wakasita. Wakataka mchanganyo wa sauti ufanywe upya. Vijana wakajibu kwamba kama Peaceville hawaitaki jinsi ilivyo, wataipeleka kwa Euronymous, mpiga gitaa wa bendi ya Mayhem ya Norwei, aliyekuwa na lebo yake, Deathlike Silence. Lebo ikanyamaza, na albamu ikatoka mapema 1992 bila kuguswa.

Kwangu mimi, historia yote ya bendi hii imekaa ndani ya mvutano huo. Walikuwa na umri wa miaka 19 au 20, mkataba wao wa kwanza mkononi, na wakawa tayari kuupoteza ili wasibadilishiwe sauti. Ukilielewa hilo, mengine yote utayaelewa bila shida.

Kwa nini rekodi zao zinasikika vibaya? Walikosa fedha?

Fedha hawakuwa nazo nyingi, lakini sababu si hiyo. Mtu aliyewahi kurekodi Sunlight anajua sauti safi inapatikanaje. Waliichagua sauti chafu.

Mfano mkubwa ni Transilvanian Hunger, ya 1994. Baada ya Under a Funeral Moon ya 1993 Zephyrous aliondoka, wakabaki wawili. Fenriz akapiga gitaa, besi na dramu zote peke yake kwenye mashine ndogo ya kaseti yenye njia nne, ile ambayo mwanafunzi angeweza kuiweka juu ya meza chumbani. Chumba hicho akakiita Necrohell. Nocturno Culto akaja kutia sauti tu. Ni hivyo, basi.

Sikiliza kinachotokea humo. Dramu hazibadiliki karibu katika wimbo mzima: hakuna madoido, hakuna kuvunja mdundo, hakuna sehemu ya kumshangilia mpigaji. Gitaa lina vipande vichache vinavyorudiwa hadi ubongo unaacha kusubiri mabadiliko. Besi hutaisikia. Yote yamefunikwa na mkwaruzo mmoja, kama redio ya betri isiyoshika mawimbi sawasawa. Na ndani ya mkwaruzo huo mna melodia rahisi, baridi na nzuri ajabu. Ungeisafisha sauti ile, melodia ingebaki uchi na ingekuwa ya kawaida. Uchafu ndio unaolilazimisha sikio kuitafuta.

Watu wengi waliiga njia hiyo baadaye, na wengi walishindwa. Walidhani siri ni mashine mbovu, wakasahau kwamba lazima kwanza uwe na melodia ya kuficha.

Mbona wamepaka nyuso rangi nyeupe na nyeusi?

Ili wafanane na maiti. Mayhem ndio walioueneza mtindo huo Norwei, hasa kupitia mwimbaji wao wa zamani aliyejiita Dead. Kwa Darkthrone ulidumu miaka michache tu. Jambo la kuangalia kwenye majalada ni kwamba albamu tatu za kipindi kile zimegawana sura: Zephyrous yuko kwenye A Blaze in the Northern Sky, Nocturno Culto kwenye Under a Funeral Moon, na Fenriz, akiwa ameshika kinara cha mishumaa, kwenye Transilvanian Hunger. Picha zote hazina rangi na zimekolezwa weusi mpaka sura karibu inapotea. Hazikuhitaji fedha, na zimeigwa kote duniani.

Walichoma makanisa?

Hapana. Kanisa la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, liliteketea tarehe 6 Juni 1992, na likafuatwa na mengine. Mwaka uliofuata, Agosti 1993, Euronymous aliuawa kwa kisu na Varg Vikernes, mwanamuziki wa Burzum, mradi wake wa bleki metali, ambaye 1994 alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa. Darkthrone walikuwa marafiki wa watu hao. A Blaze in the Northern Sky ina maneno ya kumtukuza Euronymous, naye alikuwa bado hai. Lakini si Fenriz wala Nocturno Culto aliyeshtakiwa kwa uchomaji au kwa mauaji.

Wapo wanaoihadithia bleki metali ya Norwei kana kwamba ni hadithi ya polisi na moto pekee. Naona ni kuwaonea wasikilizaji. Aliyeuawa alikuwa mtoto wa watu, makanisa yalikuwa urithi wa karne nyingi, na hakuna kati ya hayo kinachoongeza uzuri wa wimbo hata mmoja.

Je, wanaabudu shetani?

Katika albamu za mwanzo mashairi yamejaa shetani na chuki kwa Ukristo, na wakati ule hawakuwa wanatania. Ikiwa imani yako haikuruhusu kuyasikiliza, sitakushawishi. Kadiri miaka ilivyokwenda mada hizo zilipungua, na mashairi yakageukia giza la ndani ya mtu, milima na misitu, uchungu wa kuishi, na mapenzi yao kwa metali ya zamani yenyewe.

Ni kweli kwamba waliwahi kuandika maneno ya kibaguzi?

Ndiyo. Swali hili halikwepeki, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi halipaswi kukwepwa.

Transilvanian Hunger, ile niliyoisifu hapo juu, iliandamana na maneno "Norsk Arisk Black Metal", yaani bleki metali ya Waarya wa Norwei, Waarya wakiwa ndio Wanazi waliowaita uzao bora. Mashairi ya nyimbo nne kati ya nane yaliandikwa na Vikernes, aliyekuwa mahabusu akisubiri kesi ya mauaji. Juu ya hayo, bendi ilitoa taarifa ikisema kwamba atakayeikosoa albamu hiyo atakuwa ameonyesha tabia ya Kiyahudi. Peaceville waliitangaza taarifa hiyo, wakaambatanisha maelezo yao ya kuipinga. Kelele zilipozuka, bendi ikatoa taarifa ya pili ya kuomba radhi, ikidai kwamba vijana wa Norwei hulitumia neno hilo kama tusi la mtaani lisilo na maana nzito.

Utetezi huo siukubali. Jina la watu waliouawa kwa mamilioni, Norwei yenyewe ikiwa miongoni mwa nchi walikokamatwa na kusafirishwa, haligeuki kuwa tusi jepesi kwa sababu tu vijana wamelizoea. Na neno la Waarya halikuwa na utetezi wowote.

Mwaka 1995 walihamia Moonfog, lebo ya Satyr wa bendi nyingine ya Norwei, Satyricon, wakatoa Panzerfaust. Humo waliandika wazi, kwa lugha ya matusi, kwamba Darkthrone si bendi ya Kinazi wala ya kisiasa. Hata hivyo wimbo mmoja bado ulikuwa na mashairi ya Vikernes, na jina la albamu ni la silaha ya Wajerumani ya kupigia vifaru katika Vita Kuu ya Pili. Njia ya kutoka haikuwa imenyooka. Baada ya hapo mambo hayo hayakurudi tena katika kazi zao, na Fenriz amezungumzia kipindi kile kwa majuto, akieleza kwamba alikuwa kijana mwenye hasira.

Basi Mwafrika anaweza kuisikiliza bendi hii?

Kila mtu ajipimie. Mimi nasikiliza, na sijisingizii kwamba sijui. Sioni sababu ya kuwaachia wabaguzi muziki mzuri, kana kwamba umeandikwa kwa jina lao, lakini simlaumu hata kidogo mtu anayeuzima baada ya kusoma jibu lililotangulia. Kuna bendi zinazoimba ubaguzi hadi leo na kujivunia, na hizo hazipati hata dakika yangu moja. Darkthrone walisema upuuzi, wakaombea radhi, wakaacha.

Na usifikiri muziki mzito ni mali ya watu wa theluji. Nairobi ina bendi zake za metali, na mwaka 2020 Duma, wawili wa jiji hilo, walitoa albamu kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala yenye ukali ambao bendi nyingi za Ulaya hazijaukaribia. Si bleki metali, lakini anayeipenda Transilvanian Hunger ataielewa mara moja.

Kwa nini hawafanyi maonyesho?

Walipanda jukwaani mara chache miaka ya mwanzo, kisha wakaacha. Waandaaji wa matamasha hawajachoka kuuliza. Mwaka 2004 Nocturno Culto alialikwa na Satyricon kwenye tamasha la Wacken, Ujerumani, akaimba nyimbo kadhaa za Darkthrone akiwa nao. Fenriz hakuwapo. Yeye amekwisha kusema mara nyingi kwamba ziara si maisha yake: anapenda kutunga, kurekodi, kusikiliza rekodi za wengine, na kutembea msituni.

Sasa wanakula nini?

Wana kazi. Fenriz ameajiriwa posta kwa miaka mingi. Nocturno Culto amekuwa mwalimu wa shule. Naomba jibu hili lisipitwe haraka, kwa sababu ndilo linaloeleza uhuru wao wote.

Mwanamuziki anayetegemea muziki kwa kodi ya nyumba na ada ya watoto hana budi kumsikiliza meneja, mwandaaji wa tamasha na mashabiki wanaotaka wimbo uleule wa miaka 30 iliyopita. Darkthrone waliifunga njia hiyo mapema. Mshahara unatoka posta na shuleni, na muziki unabaki pale unapotaka kubaki. Ndiyo maana waliweza kuitupa dethi metali wakati inalipa, na baadaye kuacha sauti ya bleki metali wakati ulimwengu mzima umeanza kuiabudu. Hakuna wa kuwatishia njaa.

Mwaka 2016 habari zilienea kwamba Fenriz amechaguliwa kuwa mjumbe wa akiba katika baraza la mji wao. Kampeni yake ilikuwa picha akiwa amemshika paka, pamoja na ombi kwamba asipigiwe kura. Wakampigia.

Bado wanapiga bleki metali?

Kwa kiasi. Baada ya Ravishing Grimness (1999), Plaguewielder (2001) na Hate Them (2003) walirudi Peaceville, wakanunua vifaa vyao vya kurekodia, na tangu The Cult Is Alive ya 2006 wakaanza kuchanganya panki, roki na metali ya miaka ya 1980. Mashabiki wengine walinuna. The Underground Resistance ya 2013 ni hevi metali ya kizamani kabisa, Fenriz akiimba kwa sauti ya juu bila haya. Eternal Hails ya 2021 ina nyimbo tano tu, ndefu na za mwendo wa pole. Zikafuata Astral Fortress, 2022, na It Beckons Us All, 2024. Ukizisikiliza mfululizo utaona watu wawili wanaojifurahisha na rekodi walizozipenda utotoni, kwa bidii ileile.

Nimesikia wako hadi maktaba ya taifa. Kweli?

Kweli. Maktaba ya Taifa ya Norwei, jijini Oslo, imeiweka A Blaze in the Northern Sky kwenye maonyesho yake ya kudumu ya historia ya utamaduni wa nchi, pamoja na maandishi ya karne zilizopita. Ni albamu ileile ambayo lebo yake ilitaka sauti yake ifanyiwe ukarabati.

Nianze na albamu ipi?

Usianze na Transilvanian Hunger, hata kama kila mtu anakutajia hiyo. Anza na Panzerfaust: ina mwendo wa pole sehemu nyingi, gitaa zito lenye harufu ya Celtic Frost, na sauti kali kuliko zote za Nocturno Culto. Kisha nenda A Blaze in the Northern Sky, ambamo utasikia mabaki ya dethi metali yakiungua taratibu. Under a Funeral Moon iwe ya tatu, Transilvanian Hunger ya nne, usiku, kwa spika za masikioni na bila kufanya jambo jingine. Kama metali kali inakushinda, pita mlango wa pili: The Underground Resistance, halafu Eternal Hails. Goatlord ni ya wale waliokwisha kunasa. Na ukitaka kujua walikoitoa sauti yao, itafute albamu ya kwanza ya Bathory ya 1984, iliyorekodiwa kwenye gereji Stockholm.